Mbawakawa wa Nkololo Si Fifi

Nkololo, Bariadi
12 Julai 1995

Ndugu Mtafiti Joakim,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na hadubini safi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa pamba, na baba mzazi wa Zengo, ambaye leo angekuwa ameoa kama si wewe.

Wakati wa masika ulifukia vikopo mashambani mwetu, ukawanasa mbawakawa, wale wadudu weusi wanaokimbia ardhini na kula funza wa pamba. Tulikupa ushirikiano. Juma lililopita ukabandika matokeo kwenye ukuta wa ghala: mbawakawa wote ni jamii moja, ila wa Ngulyati, wenye migongo mipana, ni Kundi A, na wa Nkololo, wenye migongo myembamba, ni Kundi B. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulibandika A na B kwenye ghala la pamba, msimu wa kuuza pamba! Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila njia panda ina mzani, na hata mtoto anayenyonya anajua kuwa A ni pamba safi na B ni fifi, ile hafifu ya bei ya chini. Hakuna aliyeona makundi. Wote waliona madaraja.

2. Mzee Mayala wa Ngulyati, ambaye tulimposa binti yake Nyamizi, aliyasoma matokeo. Ng'ombe wa mahari alikwisha kuwakubali. Sasa amerudi kuwakagua upya, akawapapasa migongo mmoja mmoja mbele ya majirani, huku akiniuliza kwa upole, eti mwalimu, na hawa nao ni B?

3. Juzi mnunuzi aliiweka pamba yangu kwenye fungu la fifi kabla ya kufungua gunia. Nilipomuuliza sababu, alionyesha ukuta wako kwa kidole.

4. Kuku wangu, waliokuwa wakila mbawakawa wetu bila manung'uniko, tangu Jumatatu wanawatazama tu.

Kwa hiyo naomba Nkololo ipewe A. Ikishindikana, mpaka wa makundi usogezwe hadi nyuma ya zizi la Mayala, naye awe B. Kanuni ni moja: mdudu ni wa pale alipozaliwa, wala habadiliki kwa kuhama. Kama uthibitisho, naambatanisha kiberiti chenye mbawakawa mmoja, mgongo mpana kama kifuniko cha sufuria, niliyemkamata leo asubuhi shambani mwangu. Mpime mwenyewe.

Wasalimie wote kituoni, pamoja na wale mliowachoma pini.

Ni mimi, nisiyekubali kuwa fifi,
Mwl. Gilbert Ng'washi (Mstaafu)

Nyongeza: Mke wangu Apolonia, aliyeisoma barua hii kabla sijaifunga, ananikumbusha kuwa shamba lile tulilitia samadi ya zizi la Mayala, tela zima, na kwamba mbawakawa walikuwa wakitoka humo wakikimbia. Basi ifute ile kanuni yangu. Mdudu ni wa pale anapokula. Tafadhali niandikie hivyo na kugonga mhuri, nimpelekee Mayala Jumapili. Ikiwa wadudu wake wamehamia kwetu bila mahari na wananenepa, binti yake hatatushinda kumtunza.