Malalamiko ya Ngazi ya Pili Kuhusu Jina Lililosahauliwa Redioni

Kwa Ndugu Mkuu wa Michezo ya Kuigiza, Redioni, Dushanbe.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, chai yako ikiwa bado ya moto na wasaidizi wako wakiwa hawajaanza kukuudhi. Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Kwa upande mwingine hatuko sawa hata kidogo, na mwenye lawama ni wewe, ndiyo maana nimeshika kalamu kwa heshima zote.

Mimi naitwa Oyniso, mke wa Karomat, msimamizi wa usafi na utulivu wa ngazi ya pili katika jengo letu. Cheo hiki sikukiomba. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria mkutano. Naandika kwa niaba ya wakazi wote wanaopanda na kushuka ngazi hii, isipokuwa yule bwana wa ghorofa ya kwanza ambaye hajawahi kukubaliana na jambo lolote, hata mlango wa nje kupakwa rangi.

Malalamiko yetu yanawahusu waandishi wenu wawili, Isfandiyor na mkewe Mehrangez, ambao ninyi mnadhani ni mtu mmoja.

Walihamia hapa kutoka Khujand, baada ya jumba dogo la michezo ya vikaragosi walimofanyia kazi kufungwa. Walikuja na masanduku mawili ya nguo na mengine mengi ya vikaragosi, wakapanga nyumba inayopakana na yangu, ukuta kwa ukuta. Siku ya kwanza niliwapelekea mikate, kama inavyopasa. Mehrangez alinifungulia mlango akiwa amembeba mzee wa mbao mwenye taji.

"Pita, shangazi," akasema. "Usimjali huyu. Ni mfalme, ila kwa sasa hana kazi."

Nikampenda hapo hapo, ingawa watu wa Khujand huvuta maneno mpaka chai inapoa. Muda si mrefu ninyi mkawapa kazi ya kuandika mchezo wa kila Alhamisi. Tukafurahi kwa ajili yao. Hatukujua yanayokuja. Sasa naomba uyasome malalamiko yetu kwa mpangilio.

1. Kwamba hamkututahadharisha.

Ndugu Mkuu, watu hawa hawaandiki kama watu wengine, yaani kwa kukaa na kunyamaza. Wanaandika kwa kusema. Mmoja anakuwa mume, mwingine mke, wanatembea chumbani na kusemeshana, na yakishakuwa mazuri ndipo wanayatia kwenye karatasi. Jambo hili mngetuambia. Hamkutuambia. Basi mchana mmoja, nikiwa nachambua mchele, nikasikia ukutani sauti ya Isfandiyor:

"Farrukh ni nani kwako?"

Na Mehrangez akajibu, "Farrukh ni mtu aliyenisikiliza. Wewe ulinisikiliza lini?"

Isfandiyor akasema, kwa utulivu kabisa, "Rudia hilo, lakini kwa uchungu zaidi."

Nimekaa katika ndoa tangu ujana wangu na sijawahi kusikia ukatili wa namna hiyo. Karomat, ambaye kwa kawaida hasikii hata nikimwita kula, aliweka bakuli lake la chai chini. "Anataka uchungu zaidi," akaniambia. "Nenda kamwite Shodmon."

Mzee Shodmon wa ghorofa ya nne alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, na magomvi yote ya ngazi hii huamuliwa na yeye. Tukaingia kwao watu wanne bila kubisha hodi. Mzee Shodmon akasimama katikati ya chumba, akamwambia Isfandiyor, "Kijana, hii ni kadi ya njano." Kisha akamgeukia Mehrangez akamsihi kwa maneno marefu na mazuri amsahau Farrukh, kwa sababu mwanamume anayesikiliza sana huwa hana ajira.

Mehrangez alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulidhani analia.

"Mzee," akasema alipopata pumzi, "Farrukh hayupo. Nimemtunga jana."

Karomat, aliyechelewa kwa sababu ya kutafuta viatu, akauliza kutoka mlangoni, "Na ile mimba?"

"Ni ya sehemu ya tatu, baba," akasema Isfandiyor.

Ikabidi wapike osh, pilau yetu ya huku, kutuondolea aibu. Mzee Shodmon alikula lakini hakuifuta kadi.

2. Kwamba mmetuzoesha.

Tangu siku ile hakuna aliyewaomba wapunguze sauti. Majirani walianza kuja jikoni kwangu kila baada ya chakula cha mchana, kila mtu na kigoda chake, kwa sababu jiko langu lina ubaridi. Sikuwaalika. Niliwachemshia chai tu.

Hapo ndipo tulipojifunza nani anatunga nini, na naomba ulisome hili polepole, maana ndilo shina la barua yangu. Isfandiyor anatunga milango. Mtu anaingia, mtu anatoka, treni inafika, mvua inanyesha. Hayo ni yake na anayafanya vizuri. Mehrangez anatunga yale ambayo watu wanasema wakishaingia.

Mfano. Kuna siku Isfandiyor alitaka mume amwambie mkewe, baada ya kununiana kwa muda mrefu, "Nakupenda kama mlima unavyoipenda theluji." Tulimsikia akilisema mara tatu, kila mara kwa sauti nzito zaidi.

"Isfandiyor," akasema Mehrangez, "hakuna mwanamume aliyewahi kusema hivyo akiwa amevaa soksi. Aingie, avue koti, amuulize, 'Umekula?' Basi."

"Umekula? Hilo tu?"

"Hilo tu. Halafu asubiri jibu."

Alhamisi yake mchezo ukarushwa. Mwigizaji wenu akaingia, akavua koti, akauliza, "Umekula?" Jikoni kwangu hakuna aliyeinua bakuli lake. Waliponyanyuka na kwenda zao, Karomat alibaki amesimama dirishani, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Nikamwambia bado.

Sasa unaelewa tunazungumza habari ya nini.

3. Kwamba mtangazaji wenu hajui kuhesabu hadi mbili.

Mwisho wa mchezo ule ule, mtangazaji alisema, "Mtunzi ni Isfandiyor Qodirzoda." Sote tukasubiri neno "na". Tukasubiri. Ikaja taarifa ya hali ya hewa.

Tukasema labda ni haraka. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Mtangazaji alipata nafasi ya kumtaja mpiga rubabu, na mpiga rubabu mwenyewe, kwa maoni ya Mzee Shodmon, hakuwepo mchezoni zaidi ya dakika moja.

Ukutani tukasikia.

"Wapigie simu," akasema Mehrangez.

"Subiri kidogo, mpenzi. Sisi ni wageni mjini. Wacha tujulikane kwanza."

"Tujulikane nani?"

Karomat akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safari hii wameandika kitu kikali," akasema.

4. Kwamba mmetufanya tupige makofi.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi na sitalieleza kwa urefu.

Siku ya pili yake tulikuwa tunafagia ngazi. Mehrangez akatoka na sanduku la nguo, macho mekundu, skafu imefungwa ovyo. Isfandiyor alisimama mlangoni hana viatu.

"Naenda kwa mama yangu," akasema Mehrangez.

"Vizuri sana, binti," akasema Mzee Shodmon, ameegemea ufagio. "Ila usilikimbilie neno 'mama'. Lipe nafasi."

Mimi nikapiga makofi. Wengine wakafuata. Karomat alimpokea sanduku akalishusha hadi kwenye teksi, huku akisifu kwamba wametia nguo za kweli ndani ili lipate uzito wake. Mehrangez akapanda, akateremsha kioo, akatutazama mmoja mmoja.

"Asanteni," akasema.

Tulirudi juu tukingoja arudi, wabadilishane nafasi za mume na mke. Tuliposikia ukutani hakuna kitu, na baadaye tena hakuna kitu, ndipo Karomat alipokaa chini na kusema, "Oyniso, mimi ndiye niliyembebea." Ile "asanteni" naisikia hadi leo nikiosha vyombo. Ninyi mlioiweka pale mje muiondoe.

5. Kwamba tulilazimika kumsikiliza Isfandiyor peke yake.

Mchezo wa Alhamisi haungojei ndoa ya mtu. Kijana akaanza kuandika peke yake, akisema pande zote mbili, upande wa mke kwa sauti nyembamba kama ya kikaragosi. Wiki nzima milango ilifunguliwa na kufungwa. Watu waliingia wakatoka, treni zilifika, mvua ilinyesha mno, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Majirani waliondoa vigoda vyao kimya kimya. Mchezo huo mliurusha, Ndugu Mkuu. Nasikia ulisikika hadi Khujand.

Nikampelekea supu. Nilimkuta sakafuni katikati ya vikaragosi, hajanyoa.

"Shangazi, nilikosa wapi?" akaniuliza. "Nilitaka jina moja likae vizuri kwanza, kisha la pili lifuate."

"Mwanangu, kama la kwanza lingekuwa lake, lako ungeliacha lifuate?"

Aliinywa supu yote akiwa amesimama, akavaa viatu, akaenda kutafuta gari la Khujand.

Alichofanya huko nimekijua kutoka kwa mama yake Mehrangez, ambaye siku hizi tunapigiana simu. Alifika na maelezo marefu aliyoyatunga njia nzima ya milimani. Akayasema uani, mbele ya mkewe na mama mkwe. Mehrangez, aliyekuwa anaanika aprikoti, hakuinua kichwa. "Hapo kata," akasema. "Hapo umejirudia. Hiyo theluji iondoe." Isfandiyor akakata, akaanza upya, akakata tena, mpaka yakabaki maneno mawili: "Nilikosa. Rudi." Mama mkwe anasema hapo ndipo binti yake alipoinua kichwa.

6. Kwamba amerudi na hatumsikii.

Amerudi, ndiyo, na tumeshamwomba radhi kwa foleni. Isfandiyor anapika, Mungu atusaidie, na anafua. Wanacheka nyakati nyingine. Lakini karatasi Mehrangez hagusi. Isfandiyor amekwenda ofisini kwenu kusema ukweli, na msaidizi wako akamjibu kwamba jina moja linakumbukwa kirahisi na wasikilizaji. Alipomletea mkewe jibu hilo, Mehrangez alisema tu, "Basi wakumbuke," akaenda kumwagilia mchicha dirishani.

Tangu hapo ninyi mnarudia michezo ya zamani na sisi tunaishi na ukuta. Watu wa ngazi hii sasa wanagombana wenyewe kwa maneno yao wenyewe, na yanatia huruma. Karomat amerudia kutosikia. Jana yule bwana wa ghorofa ya kwanza alikubaliana nami mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, Alhamisi ijayo mtangazaji aseme, "Watunzi ni Isfandiyor Qodirzoda na Mehrangez Qodirzoda," na aseme kabla ya hali ya hewa, si baada yake, kwa sababu baada ya hali ya hewa watu huenda kufunga madirisha. Pili, asome hivyo hivyo kwa michezo yote iliyopita. Tatu, kama mna mashaka ni nani aliyetunga nini, tuko tayari kuja kutoa ushahidi, na ukuta wenyewe uko wazi kukaguliwa siku yoyote isipokuwa Jumapili. Mtu anayetunga maneno yanayomfanya mume wangu anigeukie hawezi kukaa bila jina katika mji huu. Msilichukulie hili kuwa jambo dogo. Jina la mtu halingoji nafasi.

Tukikosa jibu, ngazi nzima itahamia kwenye stesheni ile nyingine inayopiga nyimbo za harusi tangu asubuhi, na mtakuwa mmetufikisha huko ninyi.

Msalimie mtangazaji, tunajua si kosa lake, husoma anachopewa. Msalimie na yule anayetengeneza mlio wa mvua kwa kumwaga mchele. Mwambie mchele wake uko vizuri ila atumie sinia kubwa zaidi. Salamu kwa nyumba yako, na kwa mama yako kama yu hai. Mzee Shodmon hakusalimu, anasema kwanza atazame utakavyocheza.

Wako anayesubiri neno "na",

Oyniso wa Karomat,
kwa niaba ya ngazi ya pili.

N.B. Nimeifungua tena bahasha kwa sababu Karomat amenikumbusha jambo. Yale maneno ya mama mkwe wa mchezoni, katika sehemu ya nne ya mchezo wao, "Sikukukataza kuingia, nilikukataza kunyamaza", ambayo nasikia watu wanayasema hata sokoni, ni yangu. Niliyasema mwenyewe pale kwenye ngazi, nikimwambia mtu mwingine kabisa, Mehrangez akapita na ndoo. Kwa hiyo naomba na mimi nitajwe: Oyniso, na jina lenyewe litamkwe vizuri. Najua muda ni mfupi kabla ya hali ya hewa. Ikiwa nafasi ipo ya majina mawili tu, wekeni la Isfandiyor, maana ni mwanamume na atanuna, halafu langu. Mehrangez anaweza kusubiri kidogo. Ni mwelewa sana, na jambo hili amekwisha kulizoea.