Rangi ya Shamba la Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Ramani imebandikwa! Ukuta wa nje wa ofisi ya mtaa, karibu na mlango wa choo. Kubwa kama shuka. Kila kipande cha ardhi kimepakwa rangi, kuanzia kituo cha mafuta mpaka kule mtoni. Njano ni nyumba. Kijani ni mimea. Zambarau ni viwanda. Kijivu ni stendi ya mabasi.

Shamba la Bibi ni kijivu.

Nimesimama pale robo saa nikijifanya nasoma tangazo la chanjo ya mbwa. Maelezo ya rangi yako chini kabisa, maandishi madogo kama chungu, na mbele yake alisimama binti wa jirani, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Tunamwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia. Kaniambia, kwa sauti ya kufika sokoni, kwamba stendi ikija atafungua saluni mlangoni kabisa, na mimi atanipa kazi ya kufagia nywele maana hiyo haihitaji kuongea. Watu wamecheka. Jibu zuri sana limenijia nilipofika nyumbani.

Karani wa ofisi katueleza utaratibu. Ardhi isiyolimwa miaka miwili inahesabiwa haina matumizi, mji unakua, mji unaitaka. Mwenye pingamizi aje mkutanoni Jumatano ya wiki ijayo, asimame, aseme.

Asimame! Aseme! Mimi niliyekosa maksi zote za mtihani wa mazungumzo kwa kuwa mwalimu hakunisikia!

Bibi yuko kwetu tangu alipoanguka, mwaka juzi. Analala chumba cha cherehani ya Mama, katikati ya nguo za watu zisizo na mikono. Kila asubuhi anauliza kama kule kumenyesha. Kule ni mwendo wa nusu saa tu kwa miguu. Lakini anauliza kama anayeulizia mtoto aliye ng'ambo. Sijamwambia habari ya kijivu. Nimemwambia kuna mawingu.

Azimio: kijivu kiwe kijani kabla ya mkutano. Bila mtu yeyote kulazimika kusema.

Jumanne, 5 Machi

Ofisini kuna sanduku la maoni! Lina mdomo, halina macho. Limeumbwa kwa ajili yangu.

Nimeandika barua tisa kutoka kwa wananchi tisa wenye hasira. Mkulima Mwenye Uchungu. Mama wa Watoto Sita. Mstaafu Asiyependa Honi. Tatu kwa mkono wa kulia, tatu kwa wa kushoto, tatu kwa wa kulia nikiwa nimefumba jicho moja. Mstaafu kanitoa machozi mimi mwenyewe. Nimezitumbukiza wakati karani amekwenda kunywa chai.

Jumatano, 6 Machi

Karani kafungua sanduku. Kazisoma mbele ya watu waliokuja kugongewa mihuri. Kisha kasema ni ajabu jinsi wananchi tisa wenye hasira walivyochana karatasi kwenye daftari moja, wakapiga mstari pambizoni kwa rula, na wote wakamaliza kwa kuandika "Wako mtiifu". Kasema insha ni nzuri, angetoa themanini na tano. Lakini barua isiyo na mtu haina uzito. Mwandishi aje aseme.

Kisha kaniangalia. Nimemwamkia. Nilikuwa nimeshamwamkia.

Alhamisi, 7 Machi

Habari kubwa! Afisa wa ramani atapita Jumatatu kukagua kila shamba na kuandika anachokiona kwa macho. Kwa macho! Si kwa masikio! Akikuta panalimwa, ataandika panalimwa.

Nimekwenda kule. Nyasi zinanifika kiunoni. Nyumba ya Bibi bado ina kufuli lake, na kufuli lina kutu kama ndevu. Nimekaa kizingitini. Hapa ndipo nilipojifunza kusoma, likizo zote, kwenye maandishi ya magunia ya mbolea. Zamani ukikaa hapa ulikuwa unaona mahindi mpaka mtoni, na Bibi humwoni, unamsikia tu akiyasemesha. Sasa unaona ukuta wa kiwanda cha matofali na ghorofa yenye kamba za nguo. Mtu wa ghorofa ya tatu alikuwa anapiga mswaki huku ananitazama. Nimeona aibu kama nimeingia chumbani kwake.

Nilifikiri nimelikumbuka shamba. Kumbe nilikuwa nakumbuka nusu. Nilikuwa nimesahau harufu yake.

Wenzangu wote wanangoja matokeo ya mtihani waende vyuoni. Mimi nikiulizwa nataka kuwa nani, naona kizingiti hiki. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika kizingiti.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelima! Malengelenge manne mkono wa kulia, matatu wa kushoto. Mbegu hazitaota kabla ya Jumatatu, kwa hiyo nimeomba miche ya maharage kwa mzee wa bondeni (nimeonyesha kwa kidole, akaelewa) nikaihamisha. Mistari sita, imenyooka kama ya daftari.

Maharage ya kutambaa yanataka fito za kuyashikilia. Bahati iliyoje! Kwenye nyasi nimekuta vigingi kumi na saba, vimechongwa vizuri, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Vimechomekwa ovyo, kimoja huku, kingine kule mbali. Mtu kavitupa! Nimeving'oa vyote. Vinapendeza mno.

Jumamosi, 9 Machi

Miche yote imelala chini. Kumbe maharage hayapendi kuhamishwa. Tunafanana.

Lakini mtu aliyesoma hakati tamaa. Nimejiuliza: shamba linalotunzwa linaonekanaje? Nikakumbuka bustani ya shule, iliyopata cheti ukutani. Nikapanga mawe kuzunguka shamba zima, nikayapaka chokaa nyeupe. Nikachora njia katikati, nikaifagia. Penye miche iliyokufa nimepanda maua ya Mama ya kwenye makopo ya barazani, ili pasionekane patupu. Nimetengeneza benchi kwa ubao na matofali mawili, Bibi aje akae anitazame nikipalilia.

Mama kauliza maua yake yako wapi. Nimesema yanapumzika.

Nimerudi kuangalia jua likiwa limeegemea mtoni. Safi! Hata mtu wa ghorofani kanionyesha dole gumba.

Jumapili, 10 Machi

Redio kashagundua. Kaja na wenzake wanne, wamepiga picha kwenye benchi langu, kwenye mawe yangu, wakinusa maua ya Mama. Kazirusha mtandaoni. Jioni kaja kwetu kumwonyesha Bibi, na katika kuonyesha kamwambia kila kitu: ramani, kijivu, stendi, afisa. Hana pa kuzimia kabisa!

Bibi kaiangalia simu muda mrefu. Kauliza maua ni ya nini. Kisha kaniambia, bila hasira, si nimwambie tu huyo afisa kwamba yeye atarudi kulima? Mguu unakaribia kupona. Mwezi huu au ujao.

Nimemwambia asijali, mambo yako kwenye mpango. Kaniambia mimi ni mtoto mzuri ila nazunguka sana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika shambani saa moja asubuhi na sentensi moja mfukoni, nimeiandika: Hili ni shamba la Bibi yangu na tunalima. Nimeisema njia nzima. Kwa ng'ombe wa watu nimeisema bila kukosea.

Saa nne afisa kaja. Mama mmoja mpole, kofia pana, ubao wa kuandikia kifuani. Nami tayari niko nyuma ya nyumba. Sijui nilifikaje. Miguu yangu ina uamuzi wake.

Redio na kundi lake walikuwepo tena kwenye benchi, maana picha za jana zimependwa sana. Nimesikia kila neno.

Afisa kapiga hodi mara tatu. Kauliza mwenye mahali yupo? Mdomo nimefungua. Sauti haikuja. Redio kadakia: "Mama'angu, mwenyewe ni bibi mmoja mzee, huyo harudi tena huku. Sasa ni pa watu wote." Afisa kauliza wanakuja mara nyingi? "Kila siku!" Mara mbili, muongo yule!

Harudi tena huku. Nikakusanya nguvu zote za maisha yangu, na kilichotoka ni kikohozi.

Afisa kashtuka. Redio kamwambia ni mbuzi.

Kisha afisa kaona vigingi. Kavihesabu, kumi na saba, kavipiga picha kimoja kimoja. Kumbe ni vya wapimaji! Kumbe ndiyo mipaka ya stendi! Kasema wiki tatu za kazi zimegeuzwa fito za maharage, tena maharage yenyewe hayapo. Nikafikiri sasa naitwa polisi. Lakini kaketi benchini, kavua viatu, kala mkate wake, kashusha pumzi. Kasema mji mzima kazunguka, hajaona pa kukaa isipokuwa hapa. Kaandika ukurasa mzima. Kisha kapima upya kwa kufuata mawe yangu meupe.

Kaandika ukurasa mzima! Kwa kijivu mtu haandiki ukurasa!

Jumatano, 13 Machi

Mkutano. Viti vya kukodi, spika inakoroma. Mama kafunga cherehani, kamleta Bibi. Bibi kavaa nguo zake za kutokea. Tumekaa mstari wa pili, mimi katikati yao.

Wamefunua ramani mpya.

Kijani! Shamba la Bibi ni kijani! Nimeruka, nimemkumbatia Bibi, nimemkumbatia Mama, nimemkumbatia mwanamume nisiyemjua. Stendi imesogezwa mtoni. Redio kanuna kama aliyenyang'anywa saluni, na kweli kanyang'anywa. Saa yangu tamu kuliko zote!

Kisha afisa wa kofia pana akasoma maelezo ya rangi, yale ya chini kabisa, maandishi ya chungu. Kijani ziko mbili. Kijani iliyokoza ni mashamba. Kijani hafifu ni bustani ya mapumziko ya wananchi. Hapalimwi. Hapakai mtu. Nyumba iliyomo itabomolewa ijengwe kibanda cha mlinzi. Mwenye eneo atapewa kiwanja kingine, upande wa viwandani. Kasema hata yeye alidhani pale ni shamba lililoachwa, mpaka alipoona kwa macho yake mawe, maua, benchi na vijana wakipumzika. Kawashukuru wananchi waliojitolea.

Watu wamepiga makofi. Nami nilikuwa nimeshaanza kupiga, mikono ikakataa kusimama.

Bibi hasikii vizuri kwenye spika. Kaninong'oneza wamesemaje.

Nimemwambia: "Ni kijani, Bibi."

Kafumba macho. Kasema basi atalima.

Mwenyekiti kauliza kuna pingamizi? Nikasimama. Nilisimama, naapa! Watu mia mbili wakageuka. Mwenyekiti kaniambia sema, binti, usiogope. Sentensi ilikuwepo, mkononi, imelowa jasho. Nikauliza choo kiko wapi.

Wakanionyesha. Niliporudi, ramani ilikuwa imepita.

Ijumaa, 15 Machi

Jana nimelala siku nzima, kichwa ndani ya shuka. Mama kaja, kaketi ukingoni, hakunikaripia, jambo lililoniuma zaidi. Kasema kazungumza na afisa. Zipo siku kumi na nne za rufaa. Mwenye shamba au mjukuu wake anakwenda dirisha namba tatu, anasema kwa mdomo wake kwamba wanalima, basi, suala linarudishwa mezani. Afisa kasema hata pale Jumatatu, mtu mmoja angejitokeza akasema hivyo, asingeandika bustani. Neno moja tu. Mama kasema angekwenda yeye, lakini ni juu yangu, na anajua nitaweza.

Nimeelewa. Safari hii nimeelewa kweli. Leo asubuhi nimemwambia Bibi kuna neno moja la kuwaambia ofisini, tumekwenda polepole, tukipumzika kila nguzo ya umeme. Nimemkalisha kwenye benchi la ukumbini. Nimepanga foleni. Nimefika dirisha namba tatu. Kijana wa ndani kaniuliza shida yangu.

Na hapo hapo, ubavuni mwa dirisha, nimeliona tangazo! Anatakiwa mtunza bustani mpya ya wananchi. Aliyemaliza shule, mwaminifu, mpole. Maombi kwa maandishi!

Nimenyoosha kidole. Kanipa fomu.

Nimeshafikiria yote. Nitapewa ufunguo wa geti na kibanda cha mlinzi, ambacho kitakuwa pale pale penye nyumba. Bibi atakuja kila siku kama mwananchi wa kawaida. Maharage nitayapanda ndani ya maua, mistari ikipindapinda nani atajua? Mahindi nitayaita mapambo. Akipita mkaguzi, Bibi atajifanya anapumzika. Mpango hauna tundu hata moja, wala hauhitaji mtu kusema lolote. Na siku kumi na nne ni nyingi, dirisha halihami.

Tukiwa njiani kurudi, Bibi kauliza nimewaambia?

Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Kashika mkono wangu, kaubana. Kauliza kama kesho anaweza kwenda kupanda, mvua ipo karibu, anaisikia mguuni.

Nimemwambia asubiri kidogo tu, niajiriwe kwanza.