Ombi la Kuhamisha Kitufe Kilichofunga Ibada Yetu

Emali, Kaunti ya Makueni
Alhamisi

Kwa Waheshimiwa Mliotengeneza Programu ya Kusomea Hati,

KUH: KITUFE CHA END KIHAMISHWE

Poleni na kazi. Sisi huku Emali hatujambo, ila vumbi la malori.

Jina langu ni Kathini Muindi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo ndimi ninayeendesha kompyuta ya kanisa letu. Nakaa nyuma ya spika kubwa, mahali ambapo hakuna anayeniona. Mimi ni mtu wa haya, na sijawahi kupata mahali pazuri kuliko pale. Sasa nafasi hiyo inaniponyoka kwa sababu ya vitufe vyenu, ndiyo maana nimethubutu kuwaandikia.

Ibada yetu yote, kuanzia makaribisho hadi neema ya kufungia ibada, huandikwa kwenye hati moja, nami huionyesha ukutani ukurasa baada ya ukurasa. Ile sehemu ya kupapasa kwa kidole iliharibika siku uji wa watoto ulipoimwagikia, kwa hivyo natumia vitufe pekee. Na kwa kuwa vitabu vya nyimbo ni vichache, watu wetu wamezoea kufuata ukuta. Ukuta ukisema simameni, wanasimama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maelezo yenu yanasema nikitaka maandishi yawe makubwa nishike Ctrl na alama ya kujumlisha. Mzee Nthiwa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, haoni vizuri, nikataka kumsaidia. Lakini kwenye kibodi yetu alama hiyo haitoki bila Shift. Nikashika Shift pia. Ukurasa ukalala ubavu. Waumini hawakulalamika, walilaza vichwa begani wakaendelea kuimba hadi ubeti wa mwisho. Mama Kasiva bado anapaka shingo dawa.

2. Kitufe kile kirefu cha nafasi nacho hugeuza ukurasa. Kwa nini? Mtu mwenye wasiwasi hupumzisha kidole papo hapo. Nilikipumzisha katikati ya maombi ya wagonjwa, ukurasa wa sadaka ukatokea, na waliokuwa wamefumba jicho moja tu wakaanza kupekua mifuko.

3. Home hurudi mwanzo kabisa. Mimi nilitaka mwanzo wa wimbo, si mwanzo wa ibada. Ukuta ukasema wageni wasimame tuwajue. Wageni wetu kutoka Tseikuru, waliokuwa wameshajitambulisha, wakasimama tena, wakajitambulisha tena, wakaimbiwa tena. Mmoja akaongeza salamu alizokuwa amesahau mara ya kwanza.

4. Sasa End. Kwa nini kinakaa jirani na Page Down? Najua mtasema kibodi si yenu, lakini waliokipa kazi ya kuruka hadi mwisho ni nyinyi. Jumapili iliyopita nilitaka kushuka ukurasa mmoja tu, kutoka wimbo hadi mahubiri. Kidole kikateleza, neema ikatokea. Watu wakasimama, wakashikana mikono, wakaisema neema pamoja, wakatoka nje kusalimiana. Mchungaji Nyamai alikuwa amefungua Biblia, hata miwani ameshavaa. Akaniuliza kwa upole, "Kathini mwanangu, kwani mimi nimehubiri?" Huko nje nilimsikia Mama Kasiva akiwaambia wenzake, "Leo mchungaji amehubiri kwa ufupi. Mungu amzidishie!"

5. Wazee walikaa Jumatatu kuzungumzia jambo hilo. Nilitarajia kugombezwa, na ningeshukuru. Badala yake Mzee Nthiwa alisema msichana anayeweza kusimamisha kanisa zima bila kufungua mdomo ana kipawa cha uongozi, na kipawa hakiwezi kuachwa nyuma ya spika. Basi Jumapili hii nitasimama mbele, na kipaza sauti, nisome matangazo baada ya mahubiri. Kompyuta atachukua Ndinda, binti wa Mama Kasiva, na nimeagizwa nimfundishe. Waheshimiwa, mimi hata nyanya sokoni nanunua kwa kuzinyooshea kidole.

6. Tena kitufe hiki hakina adabu. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Husema anaenda, huketi tena, huongezewa chai, husindikizwa hadi barabarani, na huko barabarani ndipo mazungumzo yenyewe huanza. End hakisindikizi mtu.

Kwa hivyo naomba kitufe hiki kipelekwe mbali na Page Down. Kabla ya kuruka, kiulize kwa Kikamba kama mchungaji ameshahubiri. Kikijibiwa ndiyo, kiulize nani ameshuhudia. Kisha kipite kila ukurasa kikiuaga. Kama hayo hayawezekani, basi hati zote ulimwenguni zitengenezwe bila mwisho. Tafadhali tekelezeni kabla ya Jumapili.

Nisalimieni wote mnaofanya kazi nao, na wazazi wenu pia. Mama yangu anawasalimu, na anauliza kama mnakula vizuri huko mnakokaa siku nzima mbele ya kompyuta.

Ni mimi kwa heshima nyingi,
Kathini Muindi,
Mwendesha Kompyuta (mpaka Jumamosi).

Nyongeza, Jumapili jioni: Barua hii haikutoka kwa sababu stima ilipotea mjini. Leo nimesimama mbele. Karatasi ilitetemeka karibu na kipaza sauti, watu wakatazama dirishani wakidhani ni mvua. Nikasema "Bwana asifiwe," wakaitikia "Amina," na maneno yangu yakaishia hapo. Nikamwangalia Ndinda. Ndinda akaniangalia. Halafu nikaona neema ukutani, na kanisa zima limesimama na kushikana mikono. Mchungaji alikuwa ameshahubiri, kwa hivyo hakuna aliyeumia isipokuwa matangazo. Ndinda anaapa kwamba kidole kiliteleza. Mimi ndiye niliyemwonyesha kitufe kilipo, na nilimfundisha vizuri. Tafadhali msihamishe chochote. Mkiweza, kiongezeni ukubwa.