Meli Yangu Iliposhushwa Mzigo Mbele ya Adeer

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na kanzu nilikuwa nimeivaa.

Naandika haraka kabla Mutua hajawafikia, maana akisimulia yeye nitazikwa kabisa.

Kwa asiyenijua: mimi ni Yunis, yule wa duka la sola hapa Garissa. Kazi yangu ni kupanda juu ya mabati na kufunga paneli. Lakini nikisharudi nyumbani, naunda meli. Meli ya plastiki. Meli ya matanga, yenye milingoti mitatu. Ilikuja kutoka Nairobi ndani ya boksi, vipande vipande, pamoja na karatasi ya maelekezo yenye michoro mitupu. (Ndiyo, bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa ninayoyajua ni Tana, na hayo nayatazama kutoka juu ya daraja kwa sababu ya mamba.)

Mwili wa meli niliunganisha mwenyewe, wallahi. Kwa joto la hapa gundi inakauka kabla haijagusa plastiki, kwa hivyo nilikuwa nafanya kazi mara tu baada ya swala ya alfajiri, ubaridi ungali upo. Shida ilikuja kwenye kamba. Meli ya matanga ina kamba nyingi kuliko hema la harusi! Kuna kamba za kushikilia milingoti, kuna kamba za matanga, kuna kamba za foromali, yaani zile fito zinazolala kwenye mlingoti na kubeba tanga. Na hizo kamba zenyewe ni uzi mwembamba kama unywele. Vidole vyangu mnavijua. Vimezoea spana.

Hapo akaingilia Ayeeyo. Ayeeyo ni bibi yangu mzaa baba, naishi naye, na alikulia porini upande wa Hulugho, enzi nyumba nzima ikivunjwa na kupakiwa juu ya ngamia familia inapohama. Kwetu kupakia ni kazi ya wanawake. Alinitazama nikihangaika na uzi mmoja jioni nzima, kisha akavaa miwani yake.

"Unafunga kama mtu anayefunga kiatu," akasema. "Lete hapa."

Nikampelekea. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Kila siku baada ya alasiri alikuwa anakaa mkekani, meli mapajani, anafunga huku akiimba polepole. Mimi nilibaki kukata uzi na kusema masha Allah. Siku moja akaniuliza, "Huu mzigo unashukia wapi?"

"Haushuki, Ayeeyo. Ni wa kudumu."

Akanitazama kwa huruma. "Basi ngamia atakufa."

Nikacheka! Nilifikiri ananitania.

Alipomaliza, meli ilisimama vizuri kuliko picha iliyo kwenye boksi. Milingoti sikuipaka gundi, kwa sababu michoro ilionyesha isimame kwa nguvu ya kamba peke yake. Ikasimama, imenyooka. Nilikuwa nikiamka naenda kuiangalia kwanza.

Sasa leo. Wazee wangu walishapeleka posa kwa kina Fardowsa, na jibu walilopewa ni lile la "tutawaambia". Mnajua maana yake. Maana yake ni kwamba unachunguzwa. Asubuhi Fardowsa akanipigia simu.

"Adeer Bishaar ameingia kutoka Wajir. Anakuja kwako leo."

Adeer Bishaar ni ami yake, kaka mkubwa wa baba yake, mfanyabiashara wa ngamia. Akikubali, imekwisha. Akikataa, hata baba mtu hana la kuongeza.

"Karibu sana," nikasema.

"Amesikia unacheza na midoli."

"Ni meli!"

"Mimi najua ni meli. Yeye ameambiwa ni midoli. Na usiifiche, Yunis. Akigundua umeificha itakuwa midoli kweli. Mwonyeshe, mwambie ni kazi ya subira. Si umeifanya yote mwenyewe?"

Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli. Msichana ninampenda, hanifokei, ameuliza swali jepesi.

"Yote," nikasema. "Kila fundo."

(Nikatazama mlangoni kuona kama Ayeeyo amesikia. Alikuwa nje akigombana na mbuzi.)

Nikamwita Mutua aje akae nami. Mutua ni fundi mwenzangu dukani, Mkamba, mtu mtulivu, nikadhani akiwepo sitababaika. Tukaweka meli katikati ya meza. Tukazungushia halwa, tende, chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Kisha nikazima feni, kwa sababu ilikuwa inatikisa matanga. Feni! Garissa! Mchana!

Adeer akafika baada ya swala ya adhuhuri. Mrefu, ndevu zimepakwa hina, fimbo mkononi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watu, za mvua, za mifugo, za watu tena. Alipomwona Mutua akaamua tuongee Kiswahili ili mgeni asiachwe nje. Huo ni uungwana wa Adeer. (Na msicheke Kiswahili chake, Kisomali chenu pia nimekisikia.)

Akajifuta jasho. Akatazama juu.

"Feni imeharibika?"

"Inapumzika, Adeer."

"Si wewe ndio nauza sola?"

"Ndiyo, Adeer."

"Haye," akasema. Akajifuta jasho tena.

Kisha macho yake yakatua kwenye meli. Akaitazama muda mrefu, jinsi wanavyomtazama ngamia kabla ya kutaja bei.

"Kwa hivyo hii ndio ile kitu ya blastiki."

"Ni kazi ya subira, Adeer," nikasema, vilevile nilivyofundishwa.

"Nani amefanya?"

"Mimi."

"Na hii kamba yote?"

Watu wangu, ningeweza kukohoa. Ningeweza kummiminia chai. Badala yake nikakaa wima kabisa. "Kila fundo nimelifunga kwa mkono wangu."

Mutua naye, Mungu amlipe kwa urafiki wake, akaongezea, "Hata mimi alinikataza kushika."

Adeer akaisogeza meli karibu. Akainamisha kichwa. Akapitisha kidole kwenye kamba za mlingoti wa mbele, polepole, fundo moja, fundo la pili. Uso wake ukabadilika. Nikajisemea, alhamdulillahi, amevutiwa! Nikamtupia Mutua jicho la ushindi.

"Waryaa, kijana," Adeer akasema taratibu. "Hii fundo mimi naijua."

Na kidole chake kikakuta kile kipande kidogo cha uzi kilichobaki kikining'inia pembeni ya fundo. Kila fundo lilikuwa nacho. Mimi nilidhani ni urembo. Nilidhani Ayeeyo amesahau kukata!

Akavuta.

Lile fundo halikufunguka peke yake. Ayeeyo alikuwa amefunga meli nzima kwa nyuzi zilizoshikana, fundo hili likishikilia lile, jinsi unavyofunga mikeka na fito za nyumba mgongoni kwa ngamia: mnyama atembee siku nzima mzigo usilegee, na ukifika umechoka, wingu limetanda, uvute mara moja mzigo wote ushuke. Na ulishuka! Fundo likaita fundo. Mlingoti wa mbele ukalala juu ya wa kati, wa kati ukauangukia wa nyuma. Tanga kubwa likatua kwenye glasi ya chai ya Adeer. Foromali zikamwagika mapajani mwake. Nahodha wa plastiki, mdogo kama punje ya mchele, akaruka na kuzama kwenye halwa.

Nikasikia hata mbuzi wa nje wamenyamaza.

"Ni upepo," Mutua akasema.

Feni ilikuwa imezimwa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Jani lisingetikisika humo ndani.

Adeer akamchomoa nahodha kwenye halwa kwa vidole viwili.

"Huyu ni nani?"

"Nahodha, Adeer."

"Amekufa?"

"La, Adeer."

Akamweka kwenye kisahani kwa adabu. Kisha akanigeukia, na uzi bado ukiwa mkononi mwake.

"Yunis. Hii ni fundo ya kupakia nyumba. Hii ni fundo ya mama zetu, mwanaume hafungi hii. Mimi nauliza mara moja tu. Nani amefunga?"

Kichwani namwona Fardowsa, namwona anaambiwa mchumba wako ni mwongo, anasema uongo kwa ajili ya midoli. Kumkosa Fardowsa kwa sababu ya uzi! Niliogopa, jamani, sitaki kuwaficha.

Pazia la jikoni likafunguka. Ayeeyo. Alikuwa amesikia kishindo. Akaitazama meza, milingoti imelala, kamba zote chini, nikafikiri atalia, maana ilikuwa kazi yake ya jioni nyingi.

Ayeeyo akatabasamu hadi nikaona pengo.

"Mvuto mmoja?" akamuuliza Adeer.

"Moja tu, mama," Adeer akajibu.

"Umeona!" akaniambia mimi kwa furaha. "Na wewe ulikuwa unasema haushuki!"

Hapo hata Mutua alikosa upepo wa kusingizia. Nikainama. Nikasema, "Adeer, nimedanganya. Kamba zote ni za Ayeeyo. Mimi nilikuwa nakata uzi."

Adeer alikuwa anauzungusha ule uzi kidoleni, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mama yangu alikuwa nafunga hivi," akasema. "Tukifika mahali ya kuhamia, ananiambia, Bishaar, fuuta. Ilikuwa kazi yangu, mimi mdogo. Sasa tunahama na lori. Miaka mingi mkono yangu haijasikia hii kitu."

Mutua akawa anaitazama chupa ya chai. Ayeeyo ndiye aliyejua la kufanya. Akaketi mkekani, akavaa miwani, akaivutia meli mapajani, akaanza kumfungia mlingoti mmoja. Alipomaliza akamsogezea Adeer.

"Vuta, Bishaar."

Akavuta. Ukaanguka. Adeer akacheka hadi fimbo ikamdondoka.

"Tena," akasema.

Ndugu zangu, walifanya hivyo mara nyingi sana. Bibi yangu anafunga, mkwe wangu mtarajiwa anavuta, meli inabomoka, wanacheka wakijifuta jasho. Wakahamia Kisomali, wakaanza kutajiana visima na koo. Mutua akanisogelea akaninong'oneza, "Hebu nikumbushe, ni nani aliyesemekana anacheza na midoli?" Nikamkanyaga mguu. Nikaenda kuwasha feni.

Kisha Adeer akatoa simu. Nikarudi kwenye kiti mbio. Adeer ni wale watu wa kuongea kwenye simu kana kwamba anataka Wajir wamsikie bila mtandao, kwa hivyo sikukosa hata neno. Alikuwa anaongea na kaka yake, baba yake Fardowsa, na ninawatafsiria alivyosema.

"Nimemwona kijana. Ni mwongo."

Roho yangu ikatoka ikasimama mlangoni.

"Lakini hajui kudanganya. Chai haijapoa na uongo wake umeshakwisha, amekiri mwenyewe mbele ya bibi yake huku anatetemeka. Mtu wa namna hii atamficha nini msichana wetu? Mpe. Na bibi yake nimempenda, huyo ndiye wa kuulizwa mambo."

Amenipa aibu na mke kwa wakati mmoja. Nilitaka kulia, nikajifanya natoa tanga kwenye chai.

Kabla Adeer hajafika hata getini, Fardowsa akanipigia. Habari ilishafika. Mwanzoni sikusikia neno, nilisikia mtu anayeshindwa kupumua kwa kicheko.

"Kila fundo, Yunis?" akasema mwishowe. "Kila fundo?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ukitaka kunidanganya tena, mtume Ayeeyo, pengine yeye ataweza."

Akaendelea kucheka, na mimi nikawa nacheka, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani, nimekaa kwenye kiti na milingoti mitatu mapajani.

Sasa mtaniuliza meli iko wapi. Iko kwenye beseni. Na kabla ya kuondoka Adeer ametoa amri: Ayeeyo aifunge upya, iletwe siku ya harusi, iwekwe mbele ya wageni wote kutoka Ijara hadi Wajir, na mwenye kuvuta uzi ni yeye. Kwa hivyo nawaomba, chekeni leo mmalize kabisa, maana siku hiyo nitakuwa nimesimama pale pembeni nikijifanya ni mimi niliyepanga iwe hivyo.