Ng'ombe Aliyefufuka kwa Kijerumani

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Dodoma.

Habari kubwa! Mwalimu mkuu, Mjerumani, amerudi kwao na homa zake. Bwana Shauri, Mjerumani anayetawala wilaya, ametangaza kuwa Jumamosi atakuja mwenyewe kusikiliza Kijerumani cha wanafunzi. Mwalimu ambaye darasa lake litazungumza vizuri zaidi ndiye atakayekuwa mkuu. Tuko wawili tu. Mimi, Swedi bin Yahaya wa Pangani, niliyesomea Tanga. Na Petro, wa misheni, anayefundisha watoto wa wafanyabiashara wa mjini. Mimi nina watoto wa Wagogo, wanaolala bweni.

Mkuu hupewa nyumba ya mabati karibu na stesheni. Nimepita jioni kuitazama. Nimeshaamua kitanda kitakaa upande gani.

Kuna tatizo dogo. Darasa langu halisemi. Linapiga miayo. Nimewafundisha theluji wiki nzima na hakuna aliyetaka kuijua. Wa Petro wanaitikia kwa sababu ana kiboko. Mimi sina haja ya kiboko, nina akili.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimepata! Wakati wa mapumziko niliwakuta wanabishana juu ya ng'ombe, mmoja kakunja mikono kuonyesha pembe. Watoto wasioweza kusema "dirisha" kwa Kijerumani, wakianza ng'ombe hawanyamazi!

Basi nikatunga mchezo. Mmoja anasimama, anaeleza kwa Kijerumani ng'ombe mmoja wa kwao: rangi, pembe, masikio, tabia. Hamtaji mwenye ng'ombe. Wenzake wanakisia ng'ombe wa nani. Loo, darasa liliwaka! Walinidai maneno kama wenye njaa. Petro alikuja kuchungulia. Nikafunga dirisha asije akaniibia.

Jumatano, 7 Agosti.

Siku ya fahari. Mwaluko, mtoto wa Mzee Chilongani wa Haneti, alieleza ng'ombe mwekundu, tumbo jeupe, pembe moja imelala, sikio limechanika. Yotham, mtoto wa Mzee Matonya wa Ihumwa, akaruka juu. Akasema kwa Kijerumani kwamba ng'ombe huyo ni wa baba yake, alipelekwa Haneti kutunzwa, na mwaka jana ikaja habari kutoka huko kwamba simba walimla. Mwaluko akajibu, kwa Kijerumani, kwamba hajaliwa na simba yeyote, na juzi amezaa.

Sentensi kamili, zote mbili! Kisha wakakabana. Niliwaacha kidogo, maana walikuwa wanatukanana kwa Kijerumani safi na machozi yalinilengalenga.

Nikamsimulia mke wangu, Adija. Hakufurahi. Alisema watu wa hapa hugawa ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wawatunze, huyu huku na yule kule, ili asijue mtu nani ana nini. Akasema mimi ninafungua mazizi ya watu mbele ya boma la Wajerumani. Nikamwambia hayo ni maneno ya jikoni.

Alhamisi, 8 Agosti.

Mzee Matonya amekuja toka Ihumwa kwa miguu. Nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwa, akaitika kwa shida. Alitaka kujua jambo moja tu: ng'ombe huyo amenona au amekonda? Nikamwita Mwaluko, nikamuuliza kwa Kijerumani, nikamfasiria mzee neno kwa neno. Amenona. Ndama ni jike.

Mzee aliondoka bila kuaga, akashika njia ya kaskazini, ya Haneti, na fimbo yake. Jioni baba wengine kadhaa wakaja kuuliza ng'ombe wao waliokufa. Wazazi wameanza kupenda elimu! Kwa Petro hajaenda hata mmoja.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nilipotoka msikitini nilikuta wazee wananingoja. Waliongea kwa upole sana. Boma linatafuta ng'ombe wa kuvuta magari, na wao walimwambia Bwana Shauri kwamba ugonjwa umemaliza wote. Waliniomba watoto waeleze kitu kingine kesho. Mvua, kwa mfano. Mmoja alikuja na kondoo.

Nikawajibu kwamba Swedi bin Yahaya hahongeki, na kwamba kesho watajivunia watoto wao. Walitazamana. Kondoo akarudi alikotoka.

Jumamosi, 10 Agosti.

Ushindi!

Darasa la Petro liliimba theluji kwa sauti moja. Bwana Shauri akapiga miayo. Kisha wangu. Mwekundu mwenye baka, mweusi mwenye pembe za mbele, mweupe anayepiga teke. Bwana Shauri akakaa wima. Akauliza ng'ombe hao wapo wapi. Watoto waligombea kujibu! Ihumwa, nyuma ya kilima. Chang'ombe, zizi la mjomba. Akamwita karani aandike. Akacheka mara mbili, na alinipa mkono mbele ya Petro.

Nyumba ya mabati ni yangu. Nimemwambia Adija aanze kufunga vyombo.

Jumatatu, 12 Agosti.

Darasani hakuna mtu. Bwenini hakuna mtu, hata mikeka imekwenda. Askari waliotumwa Ihumwa kuchukua ng'ombe wamekuta mazizi matupu na samadi bado ina joto. Baba zao jana walikusanya ng'ombe na watoto pamoja, wakahamia Haneti. Wanasema Matonya na Chilongani wamepatana huko, maana wamepata wa kumchukia pamoja. Sijui ni nani.

Petro ana wanafunzi, kwa hiyo Petro ndiye mkuu. Bahati tu! Watoto wake hawana hata mbuzi.

Bwana Shauri aliniita. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe.

"Wanafunzi wako wako Haneti. Wafuate."

Shule mpya kabisa! Huko hakuna hata jengo, ina maana mimi ndiye mwanzilishi. Petro amerithi kiti cha mtu mwingine. Mimi nitakalia changu, kikishachongwa.

Jumanne, 13 Agosti.

Wapagazi wanafunga mizigo. Hakuna hata mmoja aliyekubali kunisindikiza mpaka Haneti kwenyewe, watatuacha njiani. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa tangu Jumamosi, jambo linaloonyesha jinsi ninavyoona mbali.

Adija ameketi juu ya kasha. Ameniuliza, bila kunitazama, kama kuna nililojifunza. Nikamwambia lipo. Ng'ombe hawafai. Wana fitina. Nimeshatunga mchezo mwingine, usiomhusu mnyama yeyote, na utawafanya watoto wa Haneti waseme Kijerumani siku ya kwanza. Kila mtoto ataeleza mavazi, mwendo na sauti ya mgeni mmoja anayekuja nyumbani kwao baba akiwa safarini. Wenzake watakisia ni nani.

Nitawaalika na wazazi.