Oili ya Theluji na Kiti cha Kaunta

Jumatatu, 9 Julai 2018

Dada Evarista, nisamehe. Daftari hili ulinipa Februari, ukaniambia niandike kila siku, likijaa nikutumie Tanga. Sasa ni Julai na ukurasa wa kwanza una doa la uji wa Pandu tu. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimechoka. Ni vitu viwili tofauti.

Leo lakini kuna jambo! Mzee Burhani, mwenye gereji ya pikipiki ninakofanya kazi hapa mjini, Ijumaa anapanda milima ya Lesotho na rafiki zake. Wanaenda kuendesha pikipiki za porini, zile za tairi zenye meno, kwenye theluji, maana huku Julai ndiyo kipupwe. Mwaka jana oili ilimgandia asubuhi, pikipiki ikakataa kuwaka, akavutwa kwa kamba huku wenzake wanampiga picha. Hajasahau. Leo kwenye chai ametangaza kwamba atabeba pikipiki mbili. Nyekundu ataichagulia oili Firmin, fundi wetu, anayekwenda nao. Ya buluu, yeyote anayejiamini. Itakayowaka kwenye theluji, aliyeichagulia anapata kiti cha kaunta.

Kiti cha kaunta! Kina magurudumu. Kiko ndani, karibu na hita. Mimi nadeki uani na Pandu mgongoni, na mtoto anakohoa tangu Juni.

Nikanyoosha mkono. Firmin akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Jumanne, 10 Julai

Firmin kaweka oili nzito kuliko zote dukani. Kwao Lubumbashi, anasema, kila mtu anatia hiyo. "Mama Pandu, injini ni kama mwanaume. Umupe kitu ya muzito." Nikamwambia Lubumbashi hakuna theluji. Akasema hata kwetu Tanga hakuna. Nikachukua ndoo yangu.

Nimesoma makopo yote wakati Pandu amelala. Namba namba tupu! Nimegundua: ile ya mbele ya herufi W ikiwa ndogo, oili haigandi upesi kwenye baridi. Ya Firmin ni ishirini. Kuna kopo moja rafu ya juu, namba yake sifuri. Sifuri! Huwezi kushuka zaidi ya hapo.

Lina picha ya gari. Sawa tu. Gari, pikipiki, vyote vinapiga honi.

Jumatano, 11 Julai

Mtu mwenye akili hujaribu kwanza. Theluji sina, ila jirani yangu Mamie, wa kwao Firmin, anayeuza samaki hapa mtaani Berea, ana friza. Nimechukua chupa mbili za kunyonyea za Pandu, moja nikatia oili ya Firmin, ya pili oili yangu, nikazilaza chini kabisa, chini ya samaki. Mamie alikuwa anahudumia mteja. Sikutaka kumsumbua.

Pandu kalilia chupa. Nimemwambia kwa upole kwamba ana miezi kumi sasa, anywe kwenye kikombe. Kalia zaidi. Nimembusu, na kikombe kimebaki kuwa kikombe.

Alhamisi, 12 Julai

USHINDI! Oili ya Firmin: ukigeuza chupa haishuki, imekaa kama uji wa jana. Yangu: hakuna kitu ndani. Imeteleza yote ikatoka!

Imetokea kwenye chuchu. Nani angefikiria chuchu inavuja?

Mamie kaja mlangoni na samaki mkononi, kamshika mkia. Sauti imefika ghorofa ya nane. "Mama Pandu! Samaki yangu inanuka garage! Nani atakula hii, moteri?" Nimeosha samaki thelathini na sita kwa ndimu na sabuni. Walivyokuwa wanang'aa! Mamie hakuona uzuri huo. Amesema nisikanyage kwake tena.

Mchana nimempelekea Mzee Burhani kopo langu. Firmin katupia jicho ile picha ya gari, akaanza kusema kitu kuhusu klachi. Nikamwambia aliyeshindwa asitafute sababu. Akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Jumamosi, 14 Julai

Simu imeita saa mbili asubuhi. Mzee Burhani, kutoka mlimani, meno yanagongana. Nyekundu imepigwa kiki mpaka kiatu chake kimeruka kikapotelea kwenye theluji. Kimya. Ya buluu: kiki moja. MOJA! Nimeisikia kwa masikio yangu inanguruma. Nimempa Pandu simu naye asikie. Akapiga makofi.

Saa nne kapiga tena. Sasa anafoka. Pikipiki inanguruma lakini haipandi. Akivuta mafuta, injini inalia kama imefiwa, tairi haliendi popote. Firmin akaichukua simu, akanieleza taratibu kama anafundisha mtoto. Klachi ya pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zinatelezesha mno, klachi haishiki. Nilipaswa kutafuta kopo lililoandikwa MA, na namba ndogo mbele. Lilikuwa rafu ya pili, anasema, tangu Jumatatu.

Nikamuuliza mzee: si iliwaka? Akasema iliwaka. Nikamwambia basi, mimi niliahidi kuwaka, kupanda sikuahidi. Akaguna kama wenyeji wa huku: eish, Mama Pandu.

Na kushuka mlima alishuka vizuri sana. Firmin mwenyewe kakiri.

Jumatatu, 16 Julai

Nakuandikia nikiwa nimekaa. Kwenye KITI. Mzee Burhani ni mtu wa neno lake. Pandu amelala kwenye sanduku la helmeti karibu na hita, na tangu asubuhi hajakohoa hata mara moja. Dada, hapo nililia kidogo, kisha nikajifuta, mteja alikuwa anaingia.

Sharti moja tu: nisimchagulie mtu oili bila kumuuliza Firmin. Nimekubali. Lakini mnyororo si injini. Mzee hakusema lolote kuhusu mnyororo, na wale rafiki zake wanarudi mlimani mwezi ujao.

Kwa hiyo daftari nalituma leo hata kama halijajaa, na mtu wa basi akirudi mpe vitu hivi:

Chupa mbili za kunyonyea, na chuchu ngumu.
Dagaa kilo mbili, za kupatana na Mamie. Friza lake nalihitaji.
Kanga moja, yoyote isiyo na maneno ya kuchokoza.
Mafuta ya nazi lita tano, ya kulainishia minyororo ya pikipiki za theluji. Safari hii weka kwenye chupa ya plastiki. Yale uliyotuma mwezi wa tano yameganda ndani ya kopo kama jiwe, nadhani kopo lilikuwa bovu.