Siku Niliyoiba Mbuzi kwa Ajili ya Elimu

Wenzangu wa pale kiwandani, leo nimeaibika mbele ya Kisesa nzima.

Nawaandikia upesi kwa sababu kesho wauza nyanya wa huku watakuwa huko kwenu Mabatini, na habari itafika kabla ya nyanya. Heri muisikie kwangu. Mbuzi sikumwiba. Nilimwazima.

Mnajua kwamba tangu tupunguzwe kazini kila mtu amefungua kitu. Huyu mitumba, yule banda la video. Mimi nikafungua kituo cha watoto, cha jioni baada ya shule, kwenye stoo ya pamba isiyotumika. Watoto wanakuja wakitoka darasani. Tunafanya kazi walizopewa na walimu wao, hesabu, Kiingereza kidogo (Kiingereza kingi, mimi ni Mhaya, na sisi kwa Kiingereza tunasifika), halafu michezo na maigizo mpaka jua lipungue. Shida ni kwamba stoo inavuja, na jirani yangu ni shule ya msingi yenye madarasa yanayokaa tupu jioni nzima.

Niliyataka madarasa hayo. Lakini zaidi ya madarasa nilitaka shule inikubali. Wazazi walishaanza kuuliza kwa nini walimu hawanitambui, na wengine walishawaondoa watoto. Bila shule kusema neno, kituo kilikuwa kinakufa huku nakiona.

Neno lenyewe lilikuwa kinywani mwa Mwalimu Minza. Huyu ndiye mwalimu mkuu, mama mrefu wa Kisukuma mwenye mabega ya kubeba gunia. Kila nikienda ofisini kwake alinisikiliza akisahihisha madaftari, bila kuinua macho.

"Sisi tunafundisha asubuhi," alikuwa akisema, "wewe unachanganya jioni."

"Mwalimu Mkuu, tungeshirikiana, nisingechanganya."

"Asante, bwana wa tuisheni. Nifungie mlango ukitoka."

Hajawahi kuniita mwalimu. Hata mara moja. Na mimi, mnanijua, kuitwa mwalimu nakupenda kuliko chai.

Wiki iliyopita akalegea. Akasema nilete watoto wangu leo mchana kwenye uwanja wa shule, waonyeshe wanachojifunza, na yeye na walimu wake watatazama. Akiridhika, tutaongea. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimeteuliwa waziri.

Nikatunga igizo. Mtu mmoja alikataa shule utotoni, akakua, akawa mwizi wa mbuzi. Anamwiba mbuzi wa msichana mwenye bidii ya masomo, anakimbizwa, anakamatwa, anajuta kwa hotuba ndefu. Msichana nilimpa Kabula wa darasa la tano, ambaye sauti yake ikipazwa hapa inasikika Magu. Mwizi nilimchukua mwenyewe. Hakuna mtoto aliyeweza kuibeba ile hotuba kwa uzito uliotakiwa (nilijaribu wawili, nikawanyang'anya).

Mbuzi nilimwazima kwa Mama Masanja, mke wa Mzee Masanja. Mzee Masanja ni kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji. Mama alinipa mbuzi asubuhi kwa moyo mweupe, kisha akapanda gari kwenda Mwanza kuuza mchele. Mzee alikuwa shamba. Hakuambiwa.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulipo. Huku kwetu, filimbi ikilia na yowe la mwizi likipigwa, kila mtu anaacha alichoshika. Anaacha ugali, anaacha mteja, anakimbia kuelekea sauti. Asiyetokea atajieleza baadaye mbele ya sungusungu. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Kabla ya igizo niliwataarifu wazazi, nikamtaarifu mchungaji, nikamtaarifu hata muuza soda. Sungusungu sikuwataarifu. Na filimbi nilimpa Kabula mimi mwenyewe, nikamwambia ajaze mapafu.

Tukaanza. Walimu wamekaa kwenye viti, Mwalimu Minza katikati, mwavuli magotini. Watoto wakaimba, wakasoma mashairi, wakafanya hesabu za kugawanya ubaoni. Nikamwona akitikisa kichwa kwa kukubali. Moyo wangu ukajaa.

Nikaingia mimi. Nimepaka masizi usoni, nimevaa koti lililochanika, nanyata. Walimu wakacheka. Nikambeba mbuzi mabegani, nikakimbia kutoka uwanjani kupitia lango, kwa sababu mpango ulikuwa nizunguke ua wa minyaa nirudi upande wa pili nikiwa nimekamatwa. Nyuma yangu Kabula akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Kisha akaachia sauti.

"Mwiziii! Mbuzi wangu jamani, mwizi!"

Nikasema moyoni, mtoto huyu nimemfundisha mimi.

Nilikuwa nimefika nusu ya ua nilipoona watu wakitoka madukani. Kinyozi katoka na mkasi. Mteja wake katoka na kichwa nusu. Wanaume wanatoka kwenye mpunga mbio, akina mama na mwiko mkononi, wote wanakuja upande wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni watazamaji. Nilidhani sifa za igizo zimetangulia. Basi nikaongeza ufundi. Nikacheka kicheko cha mwizi. Nikamwinua mbuzi juu wamwone vizuri.

Nikawapungia mkono.

Fimbo ya kwanza ilipita sikioni ikivuma, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa si watazamaji, na kiingilio nitalipa mimi. Nikakimbia kikweli. Mbuzi, aliyekuwa ametulia muda wote wa maigizo, akaanza kunipiga kwato mgongoni. Nikajikwaa kwenye tuta la viazi, tukaanguka wote wawili, yeye akiwa juu.

Walinikalisha chini katikati ya duara la watu. Viatu wakanivua, mikono wakaifunga kwa kamba ileile ya mbuzi. Nikajaribu kueleza, lakini mimi nikiogopa Kiswahili hunikimbia, kikabaki Kiingereza. Nikakisema chote nilichonacho.

"Huyu kasoma," mmoja akasema.

"Hao ndio wabaya zaidi," mwenzake akajibu.

Mzee Masanja akafika kutoka shamba, jembe begani. Watu wakampisha.

"Shikamoo mzee," nikasema, nimefungwa hivyo hivyo.

"Marahaba," akaitikia, kwa mazoea tu. Kisha akamtazama mbuzi. Akamtazama tena, akamshika sikio. "Huyu mbuzi namfahamu. Huyu ni wangu."

"Mzee, nimepewa na mama."

"Mama gani?"

"Mama wa kwako."

"Yuko wapi?"

"Mwanza."

Watu wakaguna. Hata mimi nilisikia jinsi ilivyosikika.

Hapo Kabula akatokea anahema, na watoto wote nyuma yake. Nikashukuru. Shahidi amekuja. Mzee Masanja akamwuliza taratibu, "Mjukuu wangu, huyu mtu unamjua?"

Sasa, mimi kwenye mazoezi nilikuwa nimewapigia watoto kelele kuhusu jambo moja: usitoke kwenye nafasi yako. Hata ukisahau maneno, hata stoo ikiungua, wewe endelea mpaka nikuambie basi. Kabula akasimama wima, mikono kiunoni.

"Ndiyo babu, namjua. Ndiye mwizi mwenyewe. Tena amezoea."

Kisha akanitazama aone kama amepatia. (Alikuwa amepatia kabisa. Ningekuwa sijafungwa ningempigia makofi.)

"Kabula, basi," nikasema. "Mchezo umekwisha. Waambie."

"Usinisemeshe," akajibu. "Ungesoma shule usingekuwa hapa."

Ni maneno niliyoyaandika mimi. Watu walipiga vigelegele.

Mzee Masanja akainua mkono, wakanyamaza. Akauliza kama desturi inavyotaka: nani anamjua mtu huyu na yuko tayari kumbeba? Kumbeba maana yake ni hivi: ukisema huyu ni wangu, kuanzia hapo makosa yake ni yako. Wazazi wa watoto wangu walikuwepo. Nikamtazama mmoja usoni, akaanza kukagua kandambili zake. Iliniuma, sitaficha. Nilijiona mgeni kuliko siku niliyoshuka kwenye meli nikitokea kwetu Uhayani.

Watu wakapisha njia. Mwalimu Minza alikuwa anakuja polepole, mwavuli wazi, walimu nyuma yake.

"Mwalimu," Mzee Masanja akamwuliza, "anasema alikuwa anacheza mchezo shuleni kwako. Huyu ni mtu wenu?"

Mwalimu Minza akaniangalia kuanzia masizi hadi miguu mitupu.

"Inategemea," akasema.

"Mwalimu Mkuu!" Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya Kabula akiwa mchanga.

Akachuchumaa mbele yangu, mwavuli ukatufunika wote wawili. "Tuongee sasa," akasema. "Huko jioni unawafundisha kugawanya kwa njia yako. Wakirudi asubuhi wana njia mbili, hawajui hata moja. Utakuja kumwuliza mwalimu wa darasa amefundisha nini, kabla hujagusa chaki?"

"Nitakuja."

"Mtoto asiyekuja shuleni asubuhi akaja kwako jioni, utaniambia?"

"Siku ileile."

"Kazi za nyumbani. Utawasaidia au utawafanyia?"

Nikasita. Nyuma mtu akagusisha fimbo chini.

"Nitawasaidia."

"Na utaacha kuwaambia watoto kwamba Kiingereza cha walimu wao ni kibovu?"

Hilo, jamani, ndilo lililoniuma kuliko tuta la viazi. Nikafumba macho. "Nitaacha."

"Vizuri. Na mimi nakupa madarasa mawili, na mwalimu mmoja atakuja kwako kila Ijumaa mkae pamoja muwaongelee watoto." Akasimama, akafunga mwavuli. "Mzee, huyu ni Mwalimu Projestus. Ni wetu. Akikosea, niulizeni mimi."

Nililia kidogo. Masizi yakasaidia kuficha, au tuseme yakajitahidi. Nilivyolitafuta neno lile ofisini kwake, na viatu vyangu vimepigwa rangi, nikaja kulipatia kwenye shamba la viazi nikiwa peku.

Wakanifungua. Nikadhani yameisha. Mzee Masanja akakohoa.

"Wabeja, asante mwalimu, umesema vizuri. Sasa tumeacha mashamba na maduka kwa sababu ya filimbi ya uongo. Hili ni kosa. Na umesema akikosea tukuulize wewe."

Mwalimu Minza akanigeukia taratibu. Ushirikiano wetu ulikuwa haujafikisha hata umri wa kikombe cha uji.

Sungusungu wakajitenga pembeni, wakanong'ona, wakarudi. Hukumu: wote waliokimbia wanadai kuuona mchezo mpaka mwisho. Utachezwa siku ya mnada, mbele ya watu wote, na wahusika wakuu watakuwa sisi wawili, shule na kituo pamoja. Ila Mzee Masanja mbuzi wake hamtoi tena, ameshashtuka vya kutosha.

"Basi mbuzi atakuwa nani?" nikauliza.

Mwalimu Minza alikuwa ananipima kwa macho, kiuno kwanza, halafu miguu, kama mtu anayekadiria gunia.

"Mwizi nitakuwa mimi," akasema.

Tumeshafanya mazoezi jioni hii, darasani kwetu. Ananibeba bila shida. Kabula ndiye anayetuelekeza, na amesema mlio wangu wa mbuzi hauna uzito unaotakiwa.

Mkija mnadani, naombeni mkae nyuma, msinicheke, na tafadhali asiwepo wa kuninyooshea majani.